Furaha ya Nguo Mpya Haikufa kwa Umri

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, au Desemba ikishafika nusu, utaisikia kauli hii kwenye daladala, saluni na barazani: nguo mpya ni raha ya utoto, mtu akishakua basi. Huitamka mama ambaye kabati lake halifungi kwa wingi wa nguo, na baba aliyenunua shati wiki iliyopita akalivaa kwenda kazini bila kuhisi lolote. Wanaisema kwa utulivu, kama wanaozungumzia meno ya utoto: yaling'oka, yakaota mengine, yakaisha. Wenye hasira kidogo huongeza kauli ya pili, kwamba watoto wa sasa hawana hata hicho kipindi cha raha. Wanavishwa nguo ya dukani wala hawageuki kujitazama, kwa kuwa wamedekezwa. Na kauli ya tatu hutolewa kama dawa: sisi tulifurahi kwa sababu tulikuwa na dhiki, nguo moja kwa mwaka, kwa hiyo shida ndiyo iliyotupa furaha na neema ndiyo iliyoiua.

Nazikataa zote tatu. Kila moja inamwondolea mtu mzima lawama. Kama ni umri, hakuna wa kuulizwa. Kama ni kudeka, aulizwe mtoto. Kama ni neema, liulizwe soko. Hakuna kati ya hao wasemaji anayeuliza ni nani aliyeacha kumpeleka mtoto kwa fundi, nani aliyeacha kuiweka nguo hadi ifike siku yake, na nani aliyeacha kumtembeza mtoto nyumba kwa nyumba ili watu waione.

Nianze na dhiki, hoja inayopendwa kuliko zote na iliyo dhaifu kuliko zote. Uhaba ungekuwa ndio chanzo cha furaha hii, basi watoto wa Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980 wangefurahia nguo kuliko watoto wowote waliotangulia au waliofuata. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha nchi haina fedha za kigeni. Viwanda vya nguo vikakosa vipuri, kikiwamo Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Rafu za maduka zikawa tupu, na watu wakapanga foleni kabla ya kujua huko mbele kinauzwa nini. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Waulize waliokuwa wazazi wakati ule kama nyumba zao zilijaa shangwe za nguo. Watakusimulia habari ya kuchukua kitambaa chochote kilichofika, ya kukata suruali ya baba ili itoke kaptula ya mwana, na ya mtoto aliyeshinda ndani siku ya sikukuu kwa kuwa hakuwa na cha kuvaa. Wanaosifu dhiki humsahau mtoto huyo. Dhiki ilimpa aibu tu. Na wale waliofurahi katika miaka ileile walifurahi kwa jambo jingine, lililokuwapo kabla ya dhiki na lililoweza kudumu baada yake.

Kuanzia 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, nguo zilirudi madukani, na mitumba ikafuata kwa wingi. Tangu hapo mitumba nayo imebebeshwa mzigo huu: mtoto atafurahiaje nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya biashara ya AGOA, Kenya ikajitoa mapema katika mpango huo, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa ruhusa ya kuingia Marekani bila ushuru. Wanaotetea viwanda na ajira zetu niko nao bega kwa bega. Lakini wasitumie furaha ya mtoto kama ushahidi, kwa sababu ushahidi huo unawapinga. Nenda masoko ya Karume, Gikomba au Kongowea asubuhi beli linapofunguliwa. Utamwona mama akivuta kigauni chenye lasi shingoni, akikigeuza ndani nje kutafuta doa, akibishana bei, akikikunja mkobani. Nyumbani atakifua, atakipiga pasi, atakitundika, na atamwambia binti yake kwamba hicho ni cha Idi. Tangu dakika hiyo kigauni ni kipya. Binti hatauliza kilitoka Hamburg au Toronto. Ameambiwa nguo ina siku yake, na hilo ndilo alilotaka kulijua.

Tazama pia sare ya shule. Hakuna nguo isiyo na urembo kuliko hiyo: shati jeupe na sketi ya bluu, ileile iliyovaliwa na mamia ya watoto wengine, imeshonwa kwa kitambaa kinachokwaruza. Mpe mtoto wa mjini anayeingia darasa la kwanza, mtoto mwenye droo mbili za fulana na suruali, na umwangalie wiki ya kwanza ya Januari. Ataivaa usiku akiwa peke yake. Ataomba alale nayo. Ataamka kabla ya kuitwa. Mtoto huyuhuyu ndiye tuliyemwita asiye na shukrani kwa sababu hakushangilia fulana tuliyomletea Jumanne jioni. Wingi wa nguo haukumzuia kufurahi, na kudekezwa hakukumzuia. Sare ilipimwa mwilini mwake, ikangojewa, ikavaliwa kwa mara ya kwanza siku ambayo nyumba nzima iliijua, mbele ya watu waliosimama kumtazama akitoka. Fulana ya Jumanne haikuwa na lolote kati ya hayo.

Sasa umri. Anayesema mtu mzima hawezi kusisimkwa na nguo hajakaa karibu na wanawake wanaojiandaa kwa harusi. Sare ikishatangazwa, rangi ikatajwa, na aliyepewa jukumu akarudi kutoka Kariakoo na vitambaa, wanawake wa miaka hamsini na sitini huanza kwenda kwa fundi kama walivyokwenda walipokuwa wasichana. Wanabishana kuhusu mikono na shingo. Wanarudi kujaribisha, wanaomba kiuno kibanwe, wanaificha nguo ili asiione asiyehusika. Siku ya siku wanaingia ukumbini kwa pamoja, na ukumbi wote unageuka. Nani katika wanawake hawa amebaki mtoto? Ni mama na bibi zetu, wamezika watu, wamelea, wamelipa ada. Umri wao haukuwaondolea kitu, kwa kuwa harusi imebaki na utaratibu ambao sikukuu zetu nyingi zimeupoteza.

Na hili si la jana. Kabla ya utumwa kuondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, mtumwa alitambulikana kwa merikani, ile pamba ghafi ambayo meli za Salem huko Massachusetts zilianza kuileta katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, au kwa kaniki. Baada ya hapo wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajitanda khanga za rangi. Walikuwa watu wazima. Kitambaa kipya begani kiliwatangazia jirani, mwajiri na bwana wa zamani kwamba aliyekivaa ni mtu huru, na kila aliyekiona alilielewa hilo bila kuambiwa. Mombasa nako, tangu Kaderdina Hajee Essak aanze biashara yake mwaka 1887, ile inayojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, wanawake wamekuwa wakingoja toleo jipya la leso, wakikimbilia doti kabla haijaisha, wakilijadili jina lake hadi usiku. Pwani hii imekuwa ikiwavika watu wazima nguo mpya kwa furaha kwa zaidi ya miaka mia moja. Kauli kwamba furaha hiyo ni ya utoto tu ni changa, na sioni ilikotoka zaidi ya uvivu.

Basi ni nini kilichoifanya nguo mpya iwe nguo mpya? Lazima nieleze kwa kirefu, maana wengi wanakumbuka hisia na wamesahau kazi iliyoizalisha.

Mzazi alinunua kitambaa kwa yadi, au jora zima kama watoto walikuwa wengi. Jora lile likatoa magauni ya wasichana, mashati ya wavulana na, kipande kikibaki, vazi la mtoto mchanga. Ndugu wote wakatoka na rangi moja, na hapakuwa na wa kumwonea wivu mwenzake. Mtoto akasimamishwa kando ya cherehani, akanyanyua mikono, utepe ukapita kifuani na kiunoni, fundi akaandika tarakimu kwenye daftari lililolowa mafuta ya mashine. Kisha akaulizwa. Mikono mirefu au mifupi? Mfuko mmoja au miwili? Marinda yawe mapana? Kwa watoto wengi, naamini, hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu mzima asiye wa nyumbani kwao aliwauliza akasubiri jibu na kulifuata. Pindo likaachwa pana makusudi, vidole vinne na zaidi, ili mwakani likunjuliwe. Nguo ilishonwa pamoja na mwili wa mwaka unaokuja, na mtoto alijua kwamba wakubwa wake wanamtarajia arefuke.

Zikafuata siku za kupita kwa fundi kuuliza. Fundi akasema kesho. Kesho yake akasema bado vifungo. Sisi wazazi tunaukumbuka ucheleweshaji ule kama kero, na kwa mzazi ulikuwa kero kweli. Kwa mtoto ulikuwa sehemu ya nguo. Kila alipopita aliona kipande kimesogea: jana ni kitambaa kilichokatwa, leo kina kola. Aliiona nguo yake ikizaliwa mikononi mwa mtu anayemjua jina.

Ilipofika nyumbani haikuvaliwa. Ilijaribiwa mara moja, ikavuliwa, ikawekwa sandukuni au ikatundikwa mahali inapoonekana lakini mkono haufiki. Usiku wa kuamkia Idi ikafukizwa udi juu ya chetezo. Asubuhi mtoto akaogeshwa, akavishwa, akaenda kuswali, kisha akaanza mzunguko wa nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi. Kwa Wakristo ulikuwa mwendo wa kwenda kanisani na kurudi kwa kupitia kwa shangazi na kwa bibi, huku kila kizingiti kikiwa na mtu wa kuwapokea. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika kila nyumba mtu mzima aliacha alichokuwa akifanya, akamgeuza mtoto mbele na nyuma, akakishika kitambaa kwa vidole, akauliza nani kashona, akamwombea aichakaze kwa heri. Jioni, kwa watoto wa mjini Unguja, wakakutana wote viwanja vya Mnazi Mmoja wakiwa wamepambwa, na kila mmoja akiona wenzake na kuonwa nao.

Waislamu wana mfano wa zamani mno wa jambo hili, nao umo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume aliletewa nguo ndogo nyeusi yenye nakshi. Akawauliza waliokuwapo wanaona amvike nani, wakanyamaza. Akaagiza aletwe Ummu Khalid, mtoto mdogo aliyekuwa amekulia Uhabeshi. Akaletwa amebebwa. Akamvika kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea aivae hadi ichakae, akawa anazitazama nakshi na kumsifia kwa neno la Kihabeshi ambalo mtoto yule alilijua. Kiongozi wa umma wote alisimamisha mazungumzo ya watu wazima kwa ajili ya nguo ya mtoto. Hakumwachia mtu mwingine kazi ya kuisifu.

Hiyo ndiyo kazi tuliyoiacha. Leo mzazi ananunua akiwa ofisini, kwenye simu, kutoka kwa muuzaji asiyemwona, kwa saizi inayotajwa kwa miaka ya mtoto badala ya mwili wake. Bodaboda analeta mfuko. Mtoto anavaa palepale, mlangoni, siku yoyote, na kesho yake anaivaa tena kucheza. Tofauti kati ya nguo za kutokea na nguo za kushindia imefutika nyumbani kwetu, kisha tunashangaa kwa nini hakuna nguo inayompa mtoto hisia ya kutoka. Sikukuu ikifika, mkono wa Idi unatumwa kwa M-Pesa. Mjomba anabonyeza namba, fedha inaingia kwenye simu ya baba, na mtoto hana sababu ya kwenda popote. Naliona hili kuwa kubwa kuliko yote. Sarafu ile ndogo ilikuwa ndiyo iliyowatoa watoto nje wakiwa wamevaa na kuwapeleka mbele ya macho ya wazee. Tuliipitisha njia ya mkato tukadhani tumeokoa muda.

Badala yake tunapiga picha na kuipandisha Instagram au kwenye status ya WhatsApp. Najua nitaambiwa kwamba huko nako mtoto anaonwa, tena na watu wengi zaidi. Anaonwa, ndiyo, na watu ambao yeye hawaoni. Hakuna anayemgeuza mbele na nyuma. Hakuna anayeshika kitambaa. Sifa zinaandikwa kwenye simu ya mama, na mara nyingi mtoto hasomewi.

Nitaambiwa pia kwamba ninatetea majivuno, na kwamba kumfundisha mtoto kufurahia kutazamwa ni kumharibu. Masheikh nao hutukumbusha kuwa sunna ya Idi ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa iliyo bora kati ya nguo ulizonazo, wala si sharti iwe mpya. Masheikh wanasema kweli, na kauli yao iko upande wangu: wametaja siku, wametaja maandalizi, wametaja kutoka kwenda kukutana na watu, na kitambaa wamekiacha kiwe chochote kilicho kizuri. Ama majivuno, mtoto aliyevikwa jora moja na ndugu zake, akaombewa dua na jirani mzee, amejifunza kwamba yeye ni wa watu fulani. Anayejifunza kujiona bora ni yule anayepewa nguo ya gharama kuliko ya wenzake, katika siku isiyo ya wote, bila ndugu wala jirani kuwamo ndani ya jambo hilo.

Lipo pingamizi moja ambalo nalichukua kwa uzito kuliko mengine: yule mtoto asiyekuwa na kitu. Je, desturi hii ya kuonyeshana nguo haikuwa ikimtesa? Ilimtesa pale mtaa ulipomwacha, na sitakanusha hilo. Lakini mtaa ambao watoto wake hupita mlango kwa mlango ni mtaa unaohesabu watoto wake. Yule asiyepita alionekana kwa kukosekana kwake. Mama fulani angeuliza, mwana wa fulani yuko wapi leo, na kabla ya adhuhuri kanzu iliyombana mwanawe mkubwa ingekuwa imevuka uchochoro. Mayatima walishonewa pamoja na watoto wa nyumbani, kitambaa kilekile. Sikukuu yetu ya sasa, ya kila mtoto na kochi lake na skrini yake, haijamwondolea mtoto maskini uchungu wake. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayeuona.

Na wanaosema kwamba njia ya kurudi imefungwa kwa sababu mafundi wamekwisha, watembee kidogo. Vibaraza vya Kariakoo, Darajani na mitaa ya kati ya Mombasa vina vyerehani vinavyolia kutwa. Mafundi wale wanashinda wakibana mitumba na kufupisha suruali zilizonunuliwa bila kupimwa, kwa utepe uleule na chaki ileile. Vyuo vya ufundi vya VETA vinaendelea kufundisha vijana ushonaji. Na gharama si kisingizio kwa mzazi ambaye kwa mwaka ananunua vipande vingi vya nguo nyepesi vinavyopauka kabla ya mwezi wa tatu. Fedha hiyohiyo inatosha kitambaa kizuri na ujira wa fundi, mara moja, kwa siku inayojulikana.

Tena wapo ambao hawakuacha. Nenda kwa fundi yeyote mwenye jina mjini Zanzibar, Tanga au Lamu Ramadhani ikiwa imeshavuka nusu, umpelekee kitambaa, na kuna uwezekano mkubwa akakurudisha kwa kuwa amezidiwa na kazi za watu waliokuja Shaabani. Watoto wa wateja wake wanaishi miji ileile na watoto wetu. Wazazi wao wana simu zilezile, masoko yaleyale ya mitumba yako jirani nao, na umri wao unakwenda kama unavyokwenda wa wengine. Asubuhi ya Idi wataamka kabla ya adhana.